Besi Aliyoitaka Mama

Mama alipiga simu kutoka kwake Mlandege, Iringa, asubuhi moja wakati nahangaika kutafuta kiatu cha pili, akaanza bila hata salamu. "Mwanangu, nitafutie deki ya CD na redio yake. Iwe na besi. Nataka niisikie kwaya yetu kabla masikio hayajafunga kabisa."

Sikio la kushoto lilikuwa limeshafunga. La kulia, daktari alisema, linaelekea hukohuko. Na CD yenyewe ilikuwa moja tu, waliyorekodi kanisani kwao Iringa baba akiwa hai, yeye na mama wote wanakwaya. Dada yangu alikuwa amezihamishia nyimbo kwenye simu, lakini mama aliisikiliza kidogo, akaisukuma mezani. "Hii inalia kama nzi ndani ya chupa," alisema.

Basi, jambo likanikaa kichwani. Mimi ndivyo nilivyo, nikitumwa kitu hata chai hainishuki. Jumamosi tatu mfululizo nilitoka kwangu Uyole kwenda madukani Mwanjelwa, duka hadi duka, na kila duka wanataka kunipa sabufa.

"Dada, CD nani anasikiliza siku hizi? Chukua hii, ina bluetooth, ina taa."

"Taa nitazisikiliza?"

Jumamosi ya tatu nikampata fundi mmoja mtu mzima, mwenye deki na amplifaya za mtumba zimepangwa hadi mlangoni. Huyo ndiye wa kwanza kuniuliza anayesikiliza ni nani na anasikiliza nini.

"Mama yangu. Kwaya. Anataka besi."

Akakuna kichwa. "Kwaya, halafu besi nyingi?"

"Fundi, mama amesema besi. Wewe unamjua mama yangu?"

Akaanza kazi. Deki ya kwanza iliruka wimbo wa tatu wa CD yake ya kujaribia. Ya pili ilisoma vizuri, ila tulipoiunga na amplifaya ndogo sauti ikatoka imechoka. "Deki inaongea, amplifaya inabeba," fundi alisema. "Mmoja akiwa dhaifu, wote wanaonekana wabovu." Tukaiunga na kubwa, nyeusi, nzito kama mfuko wa saruji, yenye vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha besi, kingine cha sauti nyembamba. Nikakizungusha cha besi hadi mwisho. Vikombe vya mama ntilie wa jirani vikatetemeka, naye akatutolea maneno.

"Hiyohiyo!" nikasema. "Funga, na deki na spika yake!"

Kesho yake, kwenye basi la Iringa, niliipakata amplifaya. Konda alitaka kuiweka kwenye buti, nikamwambia aingie yeye kwanza kwenye buti anionyeshe kama kuna raha. Njiapanda ya Rujewa wakapanda watu na magunia ya mchele, miguu yangu ikakosa pa kukaa, na kila basi liliposimama moyo ulinipanda. Nilikuwa naogopa kwamba sikio la mama litafunga wakati dereva ananunua mahindi.

Nilimkuta amevaa sare yake ya kwaya, kitenge kimepauka. "Kamwene," akanisalimu kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene, mama. Soketi iko wapi?"

"Una haraka kama baba yako."

Nikaunga waya, nikaweka CD. Nyumba ikaruka! Vumbi likadondoka kutoka kwenye dari. Mama akasogeza sikio lake la kulia karibu na spika, akakunja uso.

"Besi iko wapi?"

Nikaongeza sauti.

"Siisikii."

"Mama, vyombo vinacheza kabatini! Mtaa mzima unasikia besi!"

"Usinifokee."

"Sifoki, nakuuliza!" Na nilikuwa nafoka. Jumamosi tatu, safari, miguu imekufa ganzi, halafu haisikii?

Mama akakaa chini. Akanitazama jinsi alivyokuwa akinitazama nikirudi na alama mbaya kutoka shuleni. "Mimi sikusema mdundo. Nilisema besi. Soprano, alto, teno, besi. Baba yako alikuwa anaimba nini?"

Jamani. Nilitamani ardhi ipasuke. Baba alisimama mstari wa nyuma, upande wa besi, miaka yote nikimwona. Kanisa zima lilijua ugonjwa wake: alianza kuimba kabla mwalimu wa kwaya hajashusha mkono. Tukitoka ibadani mama alikuwa akimpiga kofi dogo begani, "Umewahi tena," naye anacheka tu. Na mimi, kwa ubishi wangu na kile kitufe, nilikuwa nimemfunika.

Nikakirudisha polepole, hadi katikati, kisha chini kidogo. Mdundo ukaondoka na vyombo vikatulia. Nyuma yake sauti za watu zikaanza kujitenga, za kina mama huku, za kina baba kule. Nikaurudisha wimbo mwanzo.

Mama aliweka kiganja juu ya spika. Kinanda kikapiga, wanakwaya wakavuta pumzi. Halafu, kabla ya wenzake wote, ikaingia sauti moja nzito, peke yake.

Mimi ndiye niliyelia. Mama alicheka. Akaipiga spika kofi dogo.

"Umewahi tena, mzee," alisema. "Si ungenisubiri."