Septiki Juu ya Chemchemi ya Kogo

Nilipokuwa mtoto, chemchemi ya bondeni kwetu, karibu na Sosiot, ilikuwa na mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwona, lakini nyanya yetu, tuliyemwita Kogo, aliijua tabia yake. Mwenyewe huyo alichukia uchafu. Akisikia harufu ya choo, atahama na maji yake. Sisi watoto tulikuwa tukiteka kimya kimya, kama watu waliochelewa kanisani.

Mwaka dada yangu mkubwa alipoposwa, Baba alijenga choo cha ndani, cha kwanza kijijini. Shimo la kunyonya maji yake machafu lilifaa kukaa upande wa barabarani, lakini huko kulikuwa na shamba la majani chai, na tena ndiko wakwe wangepitia. Kwetu mkwe haonyeshwi choo, sembuse kupitishwa juu yake! Basi Baba akalichimba nyuma ya nyumba, kwenye mteremko ulio juu ya chemchemi.

"Hiyo maji iko na mwenyewe," Kogo alimwonya.

"Mama, nimeweka mawe na simiti. Huyo mwenyewe hatajua."

Alijua. Mvua ndefu zilipokolea, ndoo zikaanza kuja na povu la sabuni. Kisha mdogo wangu, Kiprono, akaanza kuhara, akakonda, akalazwa hospitalini. Niliogopa sana, maana mimi ndiye niliyemtekea yale maji.

Kogo hakumlaumu mtu. Alishika jembe, akaenda upande wa barabarani, akaanza kung'oa majani chai ya mwanawe. Baba akatoka mbio.

"Mama! Wakwe wakuje wapite juu ya choo?"

"Wapite. Ama unataka wapite juu ya kaburi ya mtoto?"

Baba akaenda kuleta jembe la pili.

Shimo la kwanza likafukiwa. Kiprono alipona. Wakwe walikuja, wakapita juu ya shimo jipya, wakala, wakaisifu chai. Hata mmoja hakunusa kitu.

Leo najenga kwangu, ng'ambo ya bonde lile lile. Nimesoma, najua ni vijidudu vilivyomlaza Kiprono. Hata hivyo Kogo bado namwamini, Mungu anisamehe. Juzi fundi alianza kupima shimo la septiki, la maji ya choo, upande wa chemchemi.

"Hapa udongo ni laini, madam. Huko juu utapoteza majani chai mingi."

"Hapa haiwezekani."

"Kwani nani amekataza?"

"Mwenye maji," nikamjibu, nikachukua jembe.