Mama mkwe anasubiri jibu la mwalimu wa video

Admin, ukiposti hii usiweke jina langu wala picha yangu, maana wifi zangu wako kwa hii page na husoma mpaka komenti za mwisho.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nimeolewa upande wa Migwani, nina watoto wawili. Bwanangu anafanya kazi na malori Emali, huja nyumbani akipata nafasi. Nasoma unesi, niko mwaka wa pili. Kuna wakati tunaitwa chuoni Kitui, na kuna wakati tunabaki nyumbani na video za masomo kwenye simu. Nimechoka, wapendwa. Sijui kama ni mwili au ni roho, lakini nimechoka.

Naishi na mama mkwe. Namwita Mwaitu, yaani mama, kama watoto wake wa kuzaa wanavyomwita. Ni mjane na ana ugonjwa wa sukari wa miaka mingi. Niliposema nataka kurudi shule nikiwa na watoto, wengine walicheka. Yeye alisema atabaki nao, na akabaki nao kweli. Kwa hivyo mtu asiniambie hapa kwamba simpendi.

Kusoma kwangu ni hivi. Video ni za Kiingereza, na mimi kitu hakiingii kichwani mpaka nikitamke kwa Kikamba. Nikitoka shambani naegemeza simu kwenye mtungi wa maji jikoni, Mwaitu anakaa kwa kiti chake akichambua mbaazi. Mwalimu akisema jambo, nasimamisha video namweleza yeye. Akielewa, najua na mimi nimeelewa. Tumesoma moyo hivyo, mapafu na figo. Figo alizipenda sana, akaenda kuwaambia kina mama wa kanisa kwamba kila mtu ana vichujio viwili vya chai mgongoni. Mwalimu akisalimia mwanzo wa somo, yeye humwitikia. Nilimwambia yule mtu hatuoni. Akaniuliza, "Na mbona ananiangalia mimi?" Nikaachia hapo.

Sasa alidungwa na mwiba kwa kidole cha mguu akifuata mbuzi, na hakusikia uchungu. Kidole kikavimba, kikatoa maji, kikaanza kuwa cheusi. Daktari wa kituo cha afya alisema twende hospitali kubwa haraka. Mwaitu alikubali, hata akaanika gauni lake la kanisa tayari kwa safari.

Kabla hatujaondoka, somo langu lililofuata likawa la vidonda vya miguu ya watu wa sukari. Na mimi nikaeleza. Mikono ilikuwa kwa unga na mdomo ulikuwa umeshazoea kazi yake. Mwalimu akasema kidole kikiwa cheusi ni kwa sababu damu haifiki, nikageuza kwa Kikamba. Akasema wakikikata mapema wanaokoa mguu, na ukichelewa mguu wenyewe hukatwa. Hayo pia niliyasema, kabla sijasikia mwenyewe ninachosema. Mwaitu aliangalia picha kwenye simu, akaangalia mguu wake, akaufunika na leso. Halafu akarudi kwa mbaazi zake.

"Mimi siendi huko," akasema.

"Mwaitu, amesema ukichelewa ndio inakuwa mbaya."

"Nimesikia wanakata. Wewe si unasoma? Utaniosha hapa hapa."

Basi namuosha. Kila asubuhi nasafisha, nafunga bandeji, na kila nikifungua weusi umepanda kidogo. Mimi ni mwanafunzi tu. Kidonda hiki najua kukitambua, lakini kukitibu siwezi, na hata nesi wa miaka mingi hawezi kukitibu jikoni. Watoto wameanza kusikia harufu, wanahamisha sahani zao. Mchungaji alikuja akamsihi aende, Mwaitu akamshukuru, akampa chai.

Nikimpigia bwanangu anasema, "Wewe si ndio unasoma mambo ya hospitali? Amua, mimi niko barabarani." Wifi yangu mkubwa, aliyeolewa Makindu, naye ananiambia, "Mama alikuwa amekubali kwenda mpaka ukamwekea hizo mavideo zako. Na ukimpeleka kwa nguvu arudi bila mguu, utatueleza nani alikupa ruhusa." Inaniuma kwa sababu hilo la video hakudanganya.

Juzi nikimfunga bandeji Mwaitu akanishika mkono. Akasema, "Hebu niulizie mwalimu. Mwambie ni mimi, yule mama wa hapa. Akisema niende na hawatakata, nitaenda. Yeye hajawahi kunidanganya."

Mwalimu hajui kama tuko duniani. Yote aliyowahi kumwambia Mwaitu yalitoka kwa mdomo wangu. Nikimwambia kwamba mwalimu amesema mguu utaoshwa tu, atavaa lile gauni na tutaondoka leo. Halafu ataamka hospitalini, ataangalia chini, na mtu atakayekuwa ameketi hapo kando ya kitanda ni mimi. Baada ya hapo nikimwambia ameze dawa, ataniamini? Na nikisema ukweli, atakaa hapa kwa kiti chake mpaka hiki kidonda kimmalize, na mimi nikiangalia, na nikijua kila hatua inavyokwenda maana nimeisoma.

Nilimwambia mtandao ni mbaya, nitauliza kesho. Hiyo kesho imefika. Naandika hii nikiwa nje kwa mlango wa jikoni. Yeye ameshakaa, simu amenipangusia na kuiegemeza kwa mtungi, na mbaazi leo hajazigusa.

Nishaurini, ndugu zangu. Nikiingia hapo ndani, nimwambie mwalimu amesema nini?