Joto la Jirani

Luan Yuzhi hakuwa maskini. Hili nalisema mapema, maana wapo watakaotaka kumwonea huruma kabla ya wakati wake. Alikuwa na pensheni ya kiwanda cha kitani. Alikuwa na binti huko kusini, Xiaohe, aliyemtumia fedha kila vuli na kumsisitizia kwenye simu, "Mama, hizi ni za joto. Si za benki, ni za joto!" Yuzhi akiitikia, "Sawa mwanangu, sawa," kisha anavaa koti anazipeleka benki.

Mkono wa birika hasa. Lakini ubahili wake ulikuwa na mahali ulipotoka. Mwaka ule kiwanda kilipowamwaga watu barabarani kwa mamia, mumewe, Mu, alikuwa kitandani na ugonjwa wa figo. Walikaa nyumba ya zamani yenye jiko la makaa, na makaa yalipokwisha wakachoma viti, wakachoma mlango wa kabati. Mu alikufa mwezi wa pili, mikono ikiwa baridi tangu mwezi wa kwanza. Kuanzia hapo, kitu chochote kinachowaka kilimuuma Yuzhi rohoni.

Wali aliuzimia gesi kabla haujaiva, akaiviringishia sufuria blanketi, nao ukamalizikia humo. Friji aliichomoa kila mwezi wa kumi na moja, nyama akaining'iniza barazani nje, ambako Mungu anagandisha bure. Hilo la friji tulimcheka, kisha jengo zima likaiga. Mji wetu uko kaskazini kabisa na kila kaya hulipia joto la mabomba tangu mwezi wa kumi hadi wa nne, kwa hiyo usitucheke na sisi.

La koki, hata hivyo, alilibuni mwenyewe. Yuzhi anakaa ghorofa ya nne kati ya saba. Juu yake kuna akina Ning wenye mtoto mchanga, ambao mabomba yao hayapoi. Chini yake kuna mzee Teng na mkewe Guifang. Kwa hiyo yeye yuko katikati kama yai chini ya kuku. Ukitaka kuruka msimu bila kulipia, unakwenda ofisi ya joto kabla ya baridi kuanza, unatia sahihi, wanakuja kufunga koki yako ndani ya kabati la mabomba pale kwenye ngazi na kuitia lakiri nyekundu. Yuzhi alitia sahihi. Majirani wote walilipa, joto lao likapenya sakafuni na darini mwake, akakaa na koti la pamba ndani ya nyumba akijiambia kwamba akili ni mali. Msimu mzima ukapita hivyo. Vuli iliyofuata akatia sahihi tena.

Hakumwambia mtu, hata Guifang, na hapo ndipo pabaya. Guifang alisimama naye mashine kwa mashine miaka kumi na tisa. Mu alipokufa, Guifang ndiye aliyeshona nguo za msiba, akalala kwa Yuzhi wiki nzima akimlisha uji kwa kijiko. Sasa kila Guifang alipopanda kumtembelea, Yuzhi akisikia tu miguu kwenye ngazi alivua koti mbiombio, akatia birika jikoni mpaka vioo vikapata ukungu, akafungua mlango akijipepea.

"Karibu dada. Uh, leo joto limezidi!"

"Wewe una bahati," Guifang alimwambia. "Sisi kwetu tunaganda. Sijui bomba limeziba."

Mwaka huo wa pili mzee Teng alikuwa mgonjwa wa mapafu. Hakutoka tena kwenda kucheza sataranji. Alishinda kitandani, mito mitatu mgongoni, akikohoa. Mwezi wa kwanza baridi ilifika nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri, na kikohozi chake kikawa kinapanda kwenye mabomba mpaka jikoni kwa Yuzhi, hata mchana, akikata kabichi.

Yuzhi akashuka. Tuseme haki yake: alishuka kila siku. Alichemsha mapeari kwa sukari ya mawe, dawa ya kifua tunayoijua sote, akayapeleka yakiwa moto. Alishika spana pamoja na Guifang wakatoa upepo kwenye mabomba, maji meusi yakawarukia usoni.

"Liguse hili," Guifang alisema, akipiga bomba kofi. "Linaunguza mkono! Sasa joto lote linakwenda wapi?"

"Hawa watu wa ofisi ya joto wanatuibia, dada. Walalamikie."

"Nimeshapiga simu mara mbili."

"Piga ya tatu."

Yuzhi alisema hayo, kisha akainua macho darini. Juu ya kitanda cha mzee Teng ukungu mweusi ulikuwa umetanda, na ulikuwa na umbo. Ulianza ukutani, ukafuata mstari ulionyooka, ukakata kona pale pale kilipokata kona chumba chake yeye cha kulala. Alielewa siku hiyo joto linakwenda wapi, na asiniambie mtu kwamba hakuelewa.

Kwa nini hakuifungua? Ofisi ingemtaka alipe msimu mzima kwa miezi michache iliyobaki, na hilo lilimkwama kooni. Tena fundi angekuja kukata lakiri mchana kweupe, kila mtu aone kilichokuwa kimefungwa. Alijiambia kesho. Kesho ikifika, alichemsha mapeari mengine.

Simu ya tatu ilileta fundi, bwana Shao, mtu mzima mwenye kipara na suruali iliyolowa magotini. Yuzhi alikuwapo, bakuli mkononi. Shao alishika mabomba moja moja, akatoa kifaa chake cha kupimia, akakielekeza ukutani, sakafuni, mwishowe darini. Akaguna.

"Mama, mabomba yako mazima kabisa. Unapasha joto nyumba mbili. Nani anakaa hapo juu?"

Guifang akacheka. "Si huyu hapa! Kwake kuna joto kuliko kwangu, nimekaa mwenyewe nikatokwa jasho. Tafuta sababu nyingine, fundi."

"Basi tutazame koki."

"Tazama. Yuzhi, twende tukamwoneshe."

Ni hatua kama kumi na tano kutoka mlango wa Guifang hadi kabati la ghorofa ya nne. Yuzhi alizipanda na bakuli lake. Angeweza kusema kitu katika zile hatua, na mpaka leo anazikumbuka moja moja. Shao akafungua kabati. Lakiri ilikuwa pale, nyekundu, na namba ya mlango wake.

Fundi alikuwa mtu wa adabu, akajifanya anafuta kifaa chake. Guifang aliinama, akasoma tarehe.

"Ya vuli hii," alisema polepole.

"Na ya mwaka jana," Yuzhi akasema.

"Ulikuwa na shida, mdogo wangu? Si ungesema? Tungechanga, tungekulipia. Mimi na Teng tungekosa nini?"

"Sikuwa na shida, dada."

"Xiaohe hakutuma mwaka huu?"

"Alituma. Pesa nilikuwa nazo."

Huko chini mzee Teng akaanza kukohoa, kikohozi kirefu kisichojua kitaishia wapi. Wote watatu walisimama kukisikiliza. Guifang akalichukua lile bakuli mikononi mwa Yuzhi, akalitazama, kisha akamrudishia.

"Kanywe mwenyewe," alisema. "Kwako kuna baridi."

Akashuka. Kikulacho ki nguoni mwako. Hakulisema Guifang, lilisemwa na jengo zima kabla ya chakula cha mchana.

Alasiri hiyo hiyo Yuzhi alikwenda ofisi ya joto akalipa msimu mzima. Hakubishana, hakuuliza punguzo. Karani alimtazama mara mbili akidhani mama huyu hajaelewa. Kesho yake asubuhi lakiri ilikatwa, mabomba yakagugumia, nyumba ikapata joto.

Siku mbili baadaye mzee Teng alipelekwa hospitali. Hakufa, msiniulize kwa macho hayo. Alilazwa siku tisa, kisha mwanawe akaja kutoka Dalian, mji wa pwani ambako baridi ina huruma kidogo, akawachukua wazee wake. Yuzhi alisimama kwenye ngazi wakati wanateremsha mabegi.

"Shemeji, nenda salama," alisema.

"Yuzhi, jitunze," mzee Teng alijibu kati ya pumzi mbili. Hakujua, mkewe hakuwa amemwambia.

Guifang hakumtazama. Miaka yote ufunguo wake wa akiba ulikaa kwa Yuzhi, na Yuzhi aliuchukua asubuhi ile akaushika mkononi, tayari kuambiwa amwagilie maua. Guifang alinyoosha kiganja. Yuzhi akauweka pale. Guifang akaupandisha mpaka ghorofa ya tano, kwa mke wa Ning.

Joto la nyumba ile ya chini lilikuwa limeshalipiwa, na ofisi hairudishi fedha, kwa hiyo liliachwa wazi. Linapanda mchana na usiku kutoka vyumba visivyo na mtu. Sakafu ya Yuzhi haijawahi kuwa na joto kiasi kile, unaweza kutembea miguu mitupu hapo, na jikoni siku hizi hakuna anachosikia akikata kabichi. Yeye amenunua viatu vizito vya pamba, na anavivaa humo humo ndani, toka anapoamka mpaka anapolala.