Moyo wa ng'ombe wa Burma, oral yangu ya Jumatatu, na salamu za Baba pale Jericho

Wakuu, niaje. Poleni na mihangaiko.

Hii si hekaya. Nilikuwepo, na sufuria ilikuwa yetu. Kama kuna mtu alikaa mtaa wa Jericho, Nairobi, miaka ya mwisho ya sabini, anisahihishe nikiteleza.

Nilikuwa nasomea uuguzi, lakini nalala nyumbani. Siku hizi mnasema buda na mathe, sisi tulisema Baba na Mama. Baba alikuwa dereva wa lori la mkate. Mimi nilipewa jina la mama yake kule Ukambani, kwa hivyo aliniita "mamangu" hata akiwa amenikasirikia.

Jumatatu nilikuwa na oral, mtihani wa kujibu kwa mdomo, wa anatomy. Topic ilikuwa damu ya moyo wenyewe. Si ile inayopita ndani, hapana. Ile ambayo moyo unakula.

Mwalimu alisema picha za kitabu hazitoshi, tutafute moyo wa ng'ombe. Jumamosi asubuhi nikaenda Burma, soko la nyama.

Shida ni kwamba mioyo yote ilikuwa imepasuliwa. Mkaguzi wa nyama lazima aukate atafute minyoo kabla haujauzwa. Nikamwuliza mwenye bucha kama ana mzima. Akaniuliza kama nataka kuolewa nao. Nikachukua uliopasuliwa.

Nyumbani nikachukua kijiti cha ufagio nikaanza kufuata mishipa. Ngoja niwaeleze kidogo, mtaihitaji mbele.

Pale inapoanza aorta, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni, kuna vitundu viwili. Hapo ndipo moyo unajipakulia kabla ya mtu mwingine yeyote. Cha kushoto kinatoa mshipa unaogawanyika, mmoja unashuka mbele, mwingine unazunguka kwenda nyuma. Cha kulia kinazungukia upande wake. Yote imelala juu ya nyama, kwenye mafuta. Nje, wakuu, si ndani.

Damu ikishatumika inarudi kwa vena. Nyingi zinakutana nyuma, kwa mfereji mmoja unaoitwa coronary sinus, unaomwaga kwa chumba cha juu cha kulia. Lakini kuna vena ndogondogo hazipangi foleni, zinamwaga ndani moja kwa moja. Hiyo ishikeni, examiner hupenda kunasa watu hapo.

Nikauacha moyo kwa sufuria, maji na chumvi, nikaenda mazoezi ya kwaya.

Kurudi, Baba Mdogo amekuja kutoka Machakos na nyumba inanukia vitunguu.

Mama alikuwa ameona moyo akapiga hesabu zake. Binti amepata allowance, ameenda Burma mwenyewe, amemletea babake moyo. Kwetu kipande kama hicho ni cha mwenye nyumba na hakuna anayeuliza. Alishamwambia Baba. Baba amekaa kwa kiti chake, ananiangalia kama mtu aliyepandishwa cheo.

Ningesema nini? Nikasema, karibu Baba.

Alikula coronary sinus yangu yote na ugali. Baba Mdogo akapewa upande wa aorta akauma kamfupa. Moyo wa ng'ombe una kamfupa hapo, ni ukweli, kaangalieni. Yeye akasema bucha za Nairobi huchanganya nyama.

Wakati wa chai Baba akataka kujua nasoma nini. Nikamwambia nasoma vile moyo unaweza kukosa damu. Akacheka mpaka kikombe kikatingika.

"Mamangu, moyo umejaa damu. Utakosaje damu?"

Baba Mdogo akaongeza kwamba shule imeharibu watoto. Ningewaonyesha, lakini specimen walikuwa wameshaila.

Jioni tukamsindikiza Baba Mdogo stage ya basi. Sasa, lazima mjue kitu kimoja. Baba alijulikana Jericho nzima kwa salamu. Mwaka huo ndio alizidi. Hapiti mlango. Anasimama anauliza watoto, anauliza mguu wa nyanya, anauliza kuku. Watu walimpenda sana.

Akasimama kwa mama wa makaa. Akasimama kwa fundi wa viatu. Halafu pale kwa kamlima akasimama mbele ya kioski kilichofungwa.

"Habari za hapa," akaambia mlango.

Baba Mdogo alikuwa ameshatangulia. Mimi nilikuwa nyuma na mzigo, nikaona mkono wa Baba umebana kifua. Ilikuwa Julai, baridi ya kutetemesha, na shingo yake imelowa jasho.

Akatulia kidogo. Ikapita. Akaendelea kutembea.

Wakuu, niliogopa. Nilijua hiyo kitu, ni moyo kukosa damu, nilikuwa nimeisoma wiki hiyo hiyo. Inakuja mtu akishiba, akipanda, akibeba. Akisimama inaachilia. Kumbe zile salamu zote alikuwa anapumzisha moyo, na mwenyewe hataki kuonekana.

Wakati wa kurudi nikamwuliza. Akasema ni gesi, tangu Pasaka, na maji ya magadi yanasaidia. Nikamwambia twende hospitali. Akakataa katakata, kazini wakisikia mgonjwa watampa mtu mwingine lori. Halafu akarudia ile yake, kwamba moyo umejaa damu, hauwezi kukosa.

Nikakasirika. Nilikuwa karibu kulia, na hasira ndiyo ilinipa maneno.

"Baba, lori lako limejaa mkate kutwa. Sisi nyumbani tunakula upi?"

Kazini kwao kugusa mzigo ni kufutwa. Mkate wetu alikuwa ananunua dukani kama kila mtu.

"Wa dukani," akasema.

"Na duka likifungwa?"

Akatembea kidogo. Akasimama, na safari hii hakutafuta mtu wa kusalimia.

"Tutalala njaa," akasema. "Na lori limejaa."

Akaweka mkono kifuani bila kujificha. Akaniambia, "Basi nipeleke, mamangu."

Tulienda asubuhi, tukakosa kanisa, jambo ambalo Mama alilizungumzia kuliko ugonjwa. Daktari akasema mishipa imekuwa myembamba. Akampa dawa, na tembe ya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Kubeba mizigo, marufuku. Lori alinyang'anywa kweli, akawekwa getini kama mlinzi. Alinuna miezi.

Oral nilipita. Niliulizwa kama damu yote hurudi kwa coronary sinus. Nikasema hapana.

Sasa malizieni na hii. Dawa ilipomkubali, Baba akawa anatoka nyumbani mpaka kanisani bila kusimama. Siku moja mama wa makaa akaja kwa Mama, anasema hataki ugomvi, lakini mzee ameanza kuringa. Tangu apewe geti anapita tu. Mtaa wote unasema.

Mama akamwomba msamaha vizuri. Akaingia ndani, akafunga mlango, akapiga magoti akashukuru Mungu.

Somo ni hilo. Mzee wako akianza kusimama-simama njiani, usimwamini tu kwa sababu ana adabu.

Wa kwangu aliringa miaka mingi sana baada ya hapo. Nani hapa ana mzee wa salamu nyingi? Tuandikie, lakini kwanza nenda ukamwulize kifua.