Masikio ya Kiboko

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu nilikwenda Fort Worth, kule Texas, nikiwa nimebeba jiwe la marehemu baba yangu ndani ya mkoba wa kazini. Nilikuwa bado msichana, nasomea unesi, nakaa Euless, mji wa jirani. Babu yako alikuwa mchonga mawe huko Kisii, na alifariki kabla ya kumaliza kiboko mmoja mdogo. Mwili ulikuwa tayari, lakini kichwa kilikuwa bado donge, hakina masikio. Mama akanitumia kiboko huyo vivyo hivyo. Ndugu wa kiume sina, basi nikaona kazi ya mwisho ya baba itabaki kiziwi milele, na jambo hilo lilinitesa sana.

Kwetu wanaume ndio waliochonga. Sisi wanawake tulikaa na karai la maji, tukipiga msasa mpaka jiwe ling'ae. Kisu cha kuchongea sikuwahi kukigusa. Hakuna aliyenikataza kwa mdomo, nilijua tu.

Huko Fort Worth, kwenye soko la kazi za mikono, nikamkuta mzee mmoja Mzuni, wa wale wenyeji wa asili wa New Mexico, ameketi nyuma ya meza yenye wanyama wadogo wa mawe: dubu, tai, fuko. Kwao kazi hiyo hurithishwa ndani ya familia, na wanyama wa ibada hawauzwi kabisa. Nilimwomba anichongee masikio.

Alimgeuzageuza kiboko taratibu. "Baba yako hakukufundisha?"

"Mimi ni wa msasa tu, mzee."

Akanionyesha dubu wa feruzi, lile jiwe la rangi ya samawati. "Kumchonga huyu nilifundishwa na mama yangu, naye alifundishwa na baba yake. Nikiweka mkono wangu kwenye kiboko wako, atakuwa wa familia yangu. Wewe utabaki na nini?"

Nilimjibu kwa hasira kwamba kwetu mwanamke hachongi.

"Basi kamzike na huyu kando ya baba yako," akasema, akanirudishia jiwe langu.

Maneno yale yaliniuma, sikufichi. Nililia garini mpaka Euless. Nilipofika nikalilowesha jiwe kwenye sinki, nikachukua kisu cha jikoni, nikaanza. Jiwe la Kisii ni laini, hukubali kisu. Sikio la kulia likatoka kubwa kuliko la kushoto, na hata hivyo niliona kama baba amenisikia.

Juzi ulimshika kiboko huyo ukasema, "Mum, hii sikio moja ni kubwa, si tui-sand kidogo tu?" Nilikupokonya kabla hujalipiga msasa, bila kukueleza. Sasa nakueleza. Kazi ya wazazi wako usimpe mgeni aimalize, hata kama hukufundishwa, hata kama ulizaliwa msichana. Ifanye mwenyewe, hata ikitoka vibaya.

Mungu wa babu yako aibariki mikono yako, mwanangu. Na siku nitakapolala, ukikuta jiwe nimeliacha nusu, usitafute fundi. Liloweshe maji, uketi, uchonge.