Funda la Kwanza la Maji

Jumamosi moja, kabla ya mambo yote kuharibika, mimi na Njoroge tulikuwa nyuma ya landi za reli pale Voi tukitengeneza benchi. Landi ni zile nyumba walizojengewa wafanyakazi wa reli, chumba kimoja kwa kila familia, zimeshikana kama mabehewa. Mbao tulizipata kwenye masanduku ya mizigo yaliyotupwa. Njoroge ndiye aliyekuwa fundi. Mimi nilishika tu.

"Shika vizuri, Mwakio," akaniambia. "Umeshika kama mtu anayeogopa mke wake."

"Wewe piga randa. Maneno peleka kwa mbao."

Benchi lilikuwa la nyumba yetu ya maombi, kibanda cha udongo na mabati. Watu walikuwa wanakalia mawe. Kengele hatukuwa nayo, basi Njoroge alitundika kipande cha chuma cha reli kwenye mgunga, na kila Jumapili yeye ndiye aliyepiga: mara tatu, anangoja kidogo, mara mbili. Tatu, mbili. Ukisikia hivyo unajua ni kwetu, si karakana.

Mimi ni mtu wa Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau. Nilisoma darasa la pili, la tatu nililiona kwa dirisha. Kazi yangu ilikuwa mtu wa nyundo. Kila asubuhi nilitembea maili sita kando ya njia ya treni nikigonga kabari zinazoshika chuma kwenye mataruma yanayobeba reli, moja baada ya nyingine. Iliyolegea naikaza. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hiyo hakuna treni iliyoanguka kwenye maili zangu. Hilo nalisema bila aibu.

Njoroge alikuwa Mkikuyu, fundi wa mbao karakana. Alikuwa amebatizwa Stefano. Alikuja Voi na mkewe, Wanjiru, na chumba chao kilikuwa karibu na changu. Chumvi ikiisha kwao, walichukua kwetu.

Jumapili iliyofuata mwinjilisti alinipa nafasi ya kusoma neno. Nilisoma polepole, maana nilijifundisha mwenyewe kwa mwanga wa taa ya treni. Nikakosea neno. Njoroge akanisahihisha palepale mbele ya watu. Nikakosea lingine, akanisahihisha tena. Watoto wakacheka.

Mimi sikuwa mtu wa kuchekwa. Tulipotoka nje nilimwambia, "Wewe ni mtu wa kuja. Huna hata kaburi moja katika nchi hii, halafu unanifundisha kusoma?"

Alirudi pale kwenye benchi. Alifunga randa yake kwenye gunia akaenda. Majuma mawili hatukusalimiana, na benchi likabaki na miguu miwili, limelala chini kama mbuzi aliyevunjika.

Mama yangu akashuka kutoka Makwasinyi kunitembelea, na siku ya kwanza tu akajua. Nilipomwekea chakula alikisukuma.

"Sili katika nyumba yenye hasira. Mwite huyo mwenzako."

Kwetu Taita, wazee wanaamini hasira ya moyoni ndiyo inayoleta ugonjwa na ukame, hata ile ambayo hujaisema. Dawa yake ni kutasa. Unachukua funda la pombe ya miwa au la maji, unataja mtu na neno lililokuudhi, unatema chini, unaomba amani. Hasira imetoka. Baada ya hapo anayerudia lile neno ndiye mwenye makosa.

Mwinjilisti wetu alikuwa amekataza mambo hayo. Alisema ni ya giza. Kwa hiyo mama alipomleta Njoroge chumbani, mimi nilifunga mlango. Pombe hatukunywa sisi, mama akachota maji kwa kata. Maji ya Voi wakati huo yaliletwa na treni kwa tangi, na kumwaga hata kidogo ilikuwa kama kumwaga unga. Nilipiga funda, nikataja jina lake, nikatema. Njoroge alinitazama, akamtazama mama.

"Hata Mkikuyu atakubaliwa?" akauliza.

"Hasira haina kabila, mwanangu. Tema."

Akatema. Kisha akaomba kwa jina la Yesu, akasema amina, na mama akasema amina kwa sauti kubwa kumpita, akavuta sahani yake. Kesho yake tulirudi kwenye benchi, tukanyoosha mbao ya kukalia; mbao za miguu miwili iliyobaki tukawa bado tunazingoja.

Basi. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Mengine yote yalitoka kwenye mlango ule nilioufunga.

Vita vya msituni vilikuwa bara, mbali na sisi. Tulivisikia kwa madereva wa treni: Wakikuyu wamekula kiapo cha siri nyuma ya milango iliyofungwa, wanapigania mashamba yao, serikali imetangaza hali ya hatari. Halafu tukaanza kuviona. Treni zilikuja zimewekwa nyavu za chuma madirishani, na nyuma ya nyavu vidole vya watu. Kambi ilijengwa porini kando ya reli, ndani ya maili zangu. Nyaya, minara, mabati yanayong'aa hadi yanaumiza macho. Mahali ambapo jana niliona vifaru wakivuka, leo kulikuwa na maelfu ya watu wamechuchumaa juani.

Wakaja na kwetu.

Ilikuwa asubuhi. Malori mawili, askari wenye bunduki. Wakikuyu wote wa landi upande huu. Wengine wote upande ule.

Njoroge alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Alikiweka chini taratibu, kama kinaweza kuvunjika, na kilikuwa cha bati.

Waliweka meza ndani ya banda la mizigo. Mzungu kijana alikaa, karani akasimama kando. Walisema mfanyakazi asiye Mkikuyu anaweza kumtolea jirani yake ushahidi kwamba ni mtu mwema. Watu waliangalia chini. Mimi nilitoka mbele. Nilijiona mwanamume. Niliona nimebeba kitu ambacho hakuna mwingine anacho, ushahidi wa macho yangu kwamba moyo wa mtu huyu hauna hasira.

Yule Mzungu alijua Kiswahili vizuri.

"Umemwona huyu akila kiapo?"

"Hapana, bwana. Mimi nimemwona akitema hasira."

Akainua kichwa. "Ametema nini?"

"Maji. Kwa kata. Akataja jina, akatema, akaomba."

"Wapi?"

"Chumbani kwangu."

"Nani alisimamia?"

"Mama yangu mzazi."

"Mlango ulikuwa wazi?"

Nikasema kweli. Nilifundishwa kusema kweli.

"Nilikuwa nimeufunga."

"Kwa nini?"

"Ili mwinjilisti asituone."

Karani aliandika. Nilisikia kalamu ikikwaruza. Nilimwangalia Njoroge na yeye alikuwa ananiangalia. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimesema.

"Bwana, si kiapo! Ni mila yetu sisi Wataita! Hata siku ile tuliomba—"

"Huyu ni mjinga tu," Mzungu akamwambia karani. "Wamemtumia bila yeye kujua. Arudi kwenye nyundo yake."

Njoroge akapandishwa lori. Malori yale yalishika njia ya kambi ile ya kando ya reli.

Wanawake wa Kikuyu walipewa siku mbili kujiandaa kurudishwa bara. Wanjiru alikuja mlangoni kwangu na lile gunia. Ndani yake mlikuwa na randa.

"Shemeji," nikamwambia, "mimi nilitaka—"

"Najua ulichotaka. Na najua ulichosema." Aliweka gunia chini. "Maliza benchi."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona.

Nilienda kwa bwana mkubwa wa reli kuomba niseme upya. Aliniambia nikirudi tena nitapanda lori lile lile. Nilimwandikia karani barua kwa mkono wangu, herufi zimelala kila upande, na jibu halikuja. Mama, huko Makwasinyi, aliposikia alisukuma chakula siku nzima. Wakati wa vita ya kwanza ya Wazungu, akiwa msichana, yeye na Wakasigau wote walihamishwa kwa nguvu kwa sababu ilisemwa wamewaonyesha Wajerumani njia. Wengi hawakurudi. Alijua maana ya kabila zima kuhukumiwa kwa neno la mtu mmoja. Safari hii neno lilikuwa la mwanawe.

Katika sala ile ya Bwana nilikuwa nikifika mahali pa kusamehewa, ulimi unakufa. Majuma mengi nilisali nusu. Lakini kazi haingoji moyo upone, na kabari haziulizi. Asubuhi nilichukua nyundo nikaenda.

Wafungwa walikuwa wanapasua mawe karibu na uzio, hatua kama mia mbili kutoka reli. Siwezi kusema niliwaza sana. Nilifika pale nikapiga tatu, nikangoja, nikapiga mbili.

Hakuna kitu.

Kesho yake nikapiga tena. Hakuna kitu. Wiki ya kwanza, ya pili. Nilijiambia, hata mimi nisingejibu. Lakini nitapiga, maana kupiga ni kazi yangu, na yeye kujibu au kutojibu ni haki yake.

Wiki ya tatu, katikati ya nyundo zote zile za mawe, moja ikapiga. Tatu. Kimya. Mbili.

Nilikaa juu ya chuma cha reli. Mtu wa nyundo hakai juu ya reli. Mimi nilikaa.

Tangu siku ile nilisali sala nzima. Kama nilikuwa nimesamehewa, hilo sikulijua bado. Nilijua tu kwamba kuna mtu hai upande wa pili, na kwamba asubuhi moja nikiugua nikabaki kitandani, atasikiliza asisikie. Nilienda na homa. Nilienda siku ya mvua iliyobeba kokoto. Jioni, nikirudi, nilipiga randa ile mbao zile. Mguu wa tatu ulitoka mfupi. Wa nne nikaukata mara mbili.

Asubuhi moja askari wa uzio alikuja hadi kwenye njia.

Bunduki mkononi.

"Unapiga nini wewe?"

"Kabari."

"Kwa nini unapumzika katikati?"

"Nimezeeka."

Nilikuwa sijafika miaka thelathini. Alinitazama, akatazama nyundo.

"Piga moja moja."

Nikapiga moja moja. Kutoka siku hiyo nilikaza kabari tatu kwenye taruma moja, nikaruka, nikakaza mbili kwenye lingine. Jibu likaja vilevile.

Halafu ukaingia ugonjwa kambini, homa ya matumbo. Nilisikia kwa madereva, na niliona mwenyewe wafungwa wakichimba mashimo marefu ya kuzikia upande wa pori. Lakini kila asubuhi tatu, mbili. Nilimshukuru Mungu kila siku kwa jina la Njoroge, kwamba ugonjwa umemruka.

Siku moja jibu halikuja. Na kesho yake. Niliendelea kupiga mwaka mzima na zaidi, mpaka kambi ilipoanza kutoa watu.

Mmoja wao aliteremka Voi kungoja treni ya bara. Mwembamba, shati limemzunguka kama gunia. Aliuliza watu wa stesheni, "Nani hapa ni mtu wa nyundo wa Makwasinyi?" Jina lake Gachoki. Nilimletea chai na muhogo. Alikula kwanza. Sikumharakisha.

"Stefano alikufa kwa ile homa," akasema.

"Aliponyamaza ndipo alipokufa?"

"Hapana, mzee. Alikufa kabla. Zile siku kumi za mwisho nilikuwa napiga mimi. Aliniambia, 'Ukinyamaza ataacha kupiga, na kina sisi wengi humu tunaamka kwa hiyo nyundo.' Nikapiga mpaka waliponihamisha upande mwingine."

Basi, siku kumi nilikuwa nimeshukuru kwa uhai wa mtu aliyekuwa shimoni.

Gachoki alifuta mdomo. "Kuna kitu nataka kukuuliza. Tulipewa kikombe kimoja cha maji asubuhi. Yeye funda la kwanza alilitema chini. Kila siku! Tulimtukana. Tulimwambia, kama hutaki maji tupe sisi. Akasema hayo si maji yake."

"Alisema nini akitema?"

"Alisema, 'Mwakio.' Halafu anaomba kidogo, halafu anakunywa. Mwakio ni nani?"

Treni yake ilikuwa inaingia. Nilimbebea mzigo wake hadi mlangoni, ndipo nikamwambia.

Hiyo ni miaka mingi iliyopita. Nilistaafu reli, nikarudi Makwasinyi, nikajenga nyumba ya mawe kwa mikono hii, nikasomesha watoto sita. Benchi nilikuja nalo. Liko kanisani, upande wa kushoto, na linayumba. Nusu yake imenyooka kama mstari, nusu ni kazi yangu. Mwaka juzi vijana walitaka kulitoa waweke viti vya plastiki. Niliwaambia wanitoe mimi kwanza.

Nilimwambia Njoroge hana kaburi katika nchi hii. Sasa analo, huko porini, bila alama, na sijui ni shimo gani. Neno lile yeye alilitema siku ile mbele ya mama, na kwa mila yetu sipaswi kulirudia. Nimelirudia hapa ili wajukuu walijue.

Mchungaji wetu wa sasa, kijana msomi, aliniona asubuhi moja nyuma ya nyumba nikitema maji. "Mzee, hayo si mambo ya kizamani?" akaniuliza. Nikamwambia, "Mchungaji, alinifundisha mtu aliyebatizwa Stefano. Kaa, nikueleze." Hakukaa, alikuwa na mkutano.

Nachota kikombe kimoja. Funda la kwanza ni la yule Mzungu kijana wa mezani. Jina lake sikulijua kamwe, nasema tu, "yule wa banda la mizigo," na natema. Kwa miaka mingi nilitema bila moyo kutema. Siku hizi unatema.

Kisha kuna asubuhi ambazo nachukua la pili, na hapo jina ninalotaja ni langu mwenyewe. Hilo bado halijatoka lote. Namaliza maji yaliyobaki, nachukua jembe, naenda shambani.