Kamba ya Ng'ombe wa Mkuu

Nafundisha baiolojia hapa Kibara, na wiki iliyopita nilijiaibisha mwenyewe. Nilikuwa naeleza kimeng'enya kinachokata uzi mmoja tu wa DNA na kuuacha wa pili mzima. Darasa likanitumbulia macho tu. Nje ya dirisha nikaona kamba ya katani ya nyuzi mbili, imefungwa kwenye nguzo. Nikanyoosha mkono dirishani, nikakata uzi mmoja, nikavuta.

"Mnaona? Bado imeshika."

Mwisho wa pili wa kamba sikuuangalia. Baadaye ng'ombe wa mkuu wa shule alikatiza katikati ya kikao cha wazazi, akiburuta kipande cha kamba.

Mkuu akaja darasani. "Nani amekata kamba yangu?"

Mikono yote ikanyooshwa, hata ya wale wanaosinziaga.

"Mwalimu amekata uzi mmoja tu, Mkuu," akasema Nyamburi. "Yeye ndiye kimeng'enya. Wa pili ameukata ng'ombe mwenyewe."